Tupeane uzoefu: fundi wetu wa randa, udi na mshipi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Jana tumesoma khitma ya fundi wetu wa Malindi ya Unguja, yule seremala mpiga udi ambaye bahari ikitulia humkuti karakanani. Familia imeomba jina lake lisitajwe hapa, wanaomjua wanamjua. Aliyepata kukaa naye aandike alichokiona mwenyewe. Sifa za jumla tumezisikia sana barazani.

Naanza mimi. Nilijifunza kazi kwake miaka sita, tangu nilipomaliza skuli. Kazi ya kwanza aliyonipa ni kugonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ubao wa mfenesi ambao bado una maji ndani hujibu kwa sauti nzito iliyoziba. Uliokauka sawasawa hulia wazi. Miezi miwili sikushika hata randa. Nilimwambia mama kwamba yule mzee ananichezea. Siku moja mteja akaleta mbao za kutengenezea mfaa wa mlango wa nakshi. Nikagonga mmoja, nikasema huu una ufa katikati. Tukaupasua, ufa ukaonekana. Hakunisifu. Alinyoosha mkono, akanipa randa yake.

Na ule udi wake. Nyuzi nyembamba zilipokuwa haba mjini, alikata nailoni mpya ya mshipi, akaivuta kati ya vidole viwili kupima unene, akaifunga kwenye kigingi. Nyuzi nene zilizozungushiwa waya ndizo alizosubiri mpaka apatikane msafiri. Juzi nimeushika ule udi. Uzi mmoja una rangi ya kijani hafifu: ni nailoni aliyokuwa akivulia changu.

*Kutoka Wesha, Pemba:*
Mola amrehemu. Huku kwetu tulikuwa tukimwona wakati wa matlai, upepo ukishatulia. Tulikwenda naye kwa ngalawa upande wa Misali. Upande wa magharibi wa kisiwa hakuutia mshipi hata siku moja, maana tangu hifadhi ilipowekwa mwaka 1998 kuna sehemu isiyovuliwa, na yeye alikuwa akisema samaki nao wapewe pa kuzalia.

Kuvua kwake kulikuwa kimya. Anaacha chubwi liguse chini, anainua pima moja, kisha analaza mshipi juu ya kidole cha shahada na kufumba macho. "Huyu tasi," anasema, kabla hajavuta. Au: "Huyu chewa, mpishe." Chewa akishameza hukimbilia pangoni, na akiingia humtoi, kwa hiyo zile pima tatu za mwanzo alizivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani nyumba inaungua. Mimi nimezaliwa pwani na sijaweza kutambua samaki kwa kidole namna ile.

*Bibi mmoja wa Ng'ambo:*
Harusi ya mwanangu wa kwanza. Asubuhi ile chewa alikuwa amemkata kidole cha mkono wa kushoto, nailoni imezama kwenye maungio. Sisi tukajua basi, leo hakuna udi. Alikuja baada ya isha, kidole kimefungwa kitambaa cheupe, akapiga kwa vidole vilivyobaki. Palipohitaji kile kidole alipaacha patupu, na mwenye fidla akapajaza. Tulio karibu tuliona damu inatokeza kwenye kitambaa. Nilimwambia, "Kaka, pumzika." Akanijibu, "Dada, bwana harusi harudi kesho kuoa tena."

*Kutoka Funguni:*
Kitanda cha marehemu mama yangu alikitengeneza yeye. Pesa hakupokea. Alikubali ngisi wawili wa chambo. Kitanda kipo mpaka leo.

*Mzee aliyewahi kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi:*
Vijana, huyu bwana aliipenda historia. Alijua kwamba Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu, iliundwa mwaka 1905, na aliitaja kama mtu anavyotaja mwaka aliozaliwa baba yake. Lakini habari aliyoirudia kuliko zote ni ya Siti binti Saad: muuza vyungu wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 sauti yake ikatiwa kwenye santuri. Aliyemwambia kwamba taarabu ni ya mabwana wakubwa alimpa habari hiyo kwanza, halafu akaendelea kupiga randa. Miye nilikuwa nikimletea kanuni yangu kila ikipata ufa. Nyuzi zake ni tatu tatu kwa kila sauti, na yeye alizilegeza zote kwa zamu kabla ya kutia gundi, ubao usije ukapinda kwa mvuto wa upande mmoja. Siku nzima kwa ufa wa urefu wa kucha.

*Mimi tena:*
Ahsanteni. Bibi, sikuijua habari ya kile kidole. Kovu nililiona miaka yote nikidhani ni la patasi. Kuna mwenye sauti yake? Watoto wake hawana hata moja.

*Kutoka Mwembetanga:*
Ninayo kaseti ya harusi ya dada yangu. Imechakaa, upande wa pili haulii. Mwanzoni, kabla ya wimbo, watu wanazungumza, kikombe kinaanguka, kisha anasikika akisema, "Ngojeni, huu umelegea." Halafu unasikika uzi mmoja peke yake, anaupandisha kidogo kidogo, anarudi chini, anaupandisha tena. Kesho alasiri nitaileta karakanani. Njooni na redio ya kaseti, yangu imekufa.