Python 3.10 na 3.12 zinagombana kwenye Ubuntu 22.04: deadsnakes, pyenv au uv?

seva_ya_bandari: Wakuu, Python ya mfumo ni 3.10, ila Django 6.0 (fremu ya kutengeneza tovuti) inadai 3.12. Kuna 3.12 iliyokompailiwa (iliyojengwa kutoka msimbo chanzo) ndani ya /usr/local/bin, na update-alternatives (zana ya kuchagua toleo la programu) imeelekeza /usr/bin/python3 huko. Sasa `add-apt-repository` (amri ya kuongeza hazina ya vifurushi vya apt) inaishia na `No module named 'apt_pkg'`. Njia ipi ni ya kudumu: deadsnakes (hazina ya vifurushi vya Python), au pyenv na uv (zana za kusakinisha matoleo ya Python)?

mzee_wa_terminali: Kabla ya kuchagua, rudisha ya mfumo. Tazama ndani ya /usr/lib/python3/dist-packages, utakuta `apt_pkg.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so`. Hiyo 310 maana yake faili limekompailiwa kwa 3.10 tu, 3.12 hailioni.

`sudo update-alternatives --remove-all python3`
`sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`

Kisha `type -a python3`. Ikitangulia /usr/local/bin/python3, basi ilitumika `make install` badala ya `make altinstall`. Futa kiungo hicho cha python3 na pip3 (kisakinishi cha maktaba za Python) iliyo pembeni yake, halafu `hash -r`, maana bash hukumbuka njia ya zamani. Tafadhali usiguse `apt remove python3`, itaondoka na nusu ya mfumo.

nyaya_na_kodi: Kwa seva, mimi nasema deadsnakes:

`sudo add-apt-repository ppa:deadsnakes/ppa`
`sudo apt install python3.12 python3.12-venv`
`python3.12 -m venv /srv/mradi/.venv`

Python hiyo inakaa /usr/bin/python3.12 bila kugusa python3, na .venv ni mazingira ya mradi yaliyotengwa. Ukisahau kifurushi cha -venv, amri ya tatu inagoma kwenye ensurepip (moduli inayoweka pip). Kasoro yake: waendeshaji wa deadsnakes hawaahidi kuwahisha masasisho ya usalama, na ni ya Ubuntu, si Debian.

binti_wa_linux: uv ni nyepesi zaidi, mkuu. `uv python install 3.12`, kisha `uv venv --python 3.12`. Inashusha Python iliyokwisha kompailiwa, haihitaji sudo. pyenv inakompaili papo hapo. Ikikosa maktaba kama libssl-dev, libffi-dev au zlib1g-dev, inakwama au inakupa Python yenye moduli pungufu.

mzee_wa_terminali: Kwa laptopu nakubali kabisa. Kwenye seva kuna mtego: uv huweka Python ndani ya ~/.local/share/uv/python, na tangu Ubuntu 21.04 saraka ya nyumbani ya mtumiaji mpya ina ruhusa 750 (walio nje ya kundi lake hawaingii). Huduma ikiendeshwa na www-data (mtumiaji wa seva ya wavuti), .venv/bin/python ni kiungo cha kwenda mahali asipofika; systemd (msimamizi wa huduma) itatoa `status=203/EXEC`, yaani imeshindwa kuendesha programu. pyenv ina mtego uleule.

binti_wa_linux: Kweli. Dawa ni kuweka `UV_PYTHON_INSTALL_DIR=/opt/python` kabla ya kusakinisha, saraka hiyo iwe inasomeka na wote.

seva_ya_bandari: Na cron (kiendesha kazi kwa ratiba)?

nyaya_na_kodi: cron haisomi .bashrc, kwa hiyo shims za pyenv (vijiprogramu vinavyoelekeza amri kwenye toleo sahihi) hazionekani. Andika njia kamili, /srv/mradi/.venv/bin/python, na kwenye ExecStart (mstari wa amri katika faili la huduma ya systemd) vilevile. Usihamishe saraka ya .venv baadaye: pip na gunicorn (seva ya programu za Python) zimeandikiwa njia ya zamani kwenye mstari wa kwanza. Ifute, uiunde upya.