Kuzuia picha zilizochapwa nyumbani zisipauke: wino, karatasi, kioo, vanishi au laminesheni?

Mchapaji wa Usiku

Salaam kwenu nyote. Miaka miwili iliyopita nilichapa nakala mbili za picha moja ya harusi ya dada yangu, siku moja, kwa printa ile ile ya wino wa maji na karatasi ya kung'aa iliyotoka kwenye pakiti moja. Nakala ya kwanza niliibandika ukutani bila kioo, mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja. Ya pili niliitia kwenye albamu nikaisahau. Juzi nimeziweka sambamba mezani na sikuamini kwamba zilitoka kwenye faili moja. Ile ya albamu iko kama nilivyoichapa. Ile ya ukutani, majani ya miti nyuma ya maharusi yamekuwa na rangi ya udongo, suti nyeusi ya bwana harusi imegeuka kahawia, na nyuso za watu zimewiva kama za watu waliokaa karibu na moto. Ila kwenye pembe ya chini, palipokuwa pamefunikwa na ncha ya kalenda, kipo kipande cha ukubwa wa kidole gumba ambacho rangi zake bado ni nzima.

Nimeorodhesha njia tano: kuhamia printa ya wino wa pigmenti, kutafuta karatasi bora zaidi, kuweka fremu yenye kioo cha kuzuia mionzi ya urujuanimno, kupulizia vanishi, au kufanya laminesheni. Siwezi kuzifuata zote kwa mpigo. Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie kuzilinganisha, na hasa waniambie ipi itangulie.

Fundi wa Vichwa

Ndugu Mchapaji, kabla ya kulinganisha dawa tuutambue ugonjwa. Picha yako imepoteza rangi ya sayani, yaani ile buluu inayoelekea kijani, huku majenta, yaani nyekundu inayoelekea zambarau, na manjano zikibaki. Ndiyo maana kila kitu kimeelemea wekundu. Mwanga ungekuwa mkosaji mkuu, mara nyingi majenta ndiyo ingetangulia kuondoka. Sayani ikitangulia peke yake, na picha ikiwa haikupigwa na jua, mimi humshuku kwanza hewa, na ndani ya hewa humshuku ozoni, gesi inayoshambulia rangi.

Karatasi nyingi za kung'aa zinazokauka papo hapo zimepakwa tabaka la chembe ndogo sana za silika au alumina, zenye vitundu vingi katikati yake. Wino unafyonzwa na vitundu hivyo, na kwa sababu hiyo picha huweza kushikwa mara tu inapotoka. Lakini vitundu vilivyoukaribisha wino haraka vinaikaribisha hewa vilevile, na molekuli za rangi zinabaki wazi kwa kila kinachopita. Jambo hili si geni: mwaka 2000 lilizua malalamiko makubwa pale picha za printa zilizokuwa zikisifiwa kwa kudumu zilipoanza kugeuka rangi ya chungwa baada ya wiki chache tu katika baadhi ya nyumba, ilhali katika nyumba nyingine zilibaki salama. Tofauti ilikuwa hewa ya nyumba hizo. Majaribio ya awali yalikuwa yamepima mwanga zaidi.

Ile pembe ya kalenda, kwa bahati mbaya, haituamulii kesi, kwa kuwa kalenda ilizuia mwanga na hewa kwa pamoja. Albamu nayo ni hivyo hivyo.

Bi. Fremu

Nimefanya kazi ya kutia picha kwenye fremu kwa muda mrefu na ninakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila nisingependa mwanga uachiliwe huru mapema namna hiyo. Chumba kisicho na jua la moja kwa moja bado kina mwanga wa kutosha kupausha rangi kwa miaka miwili.

Kuhusu kioo, watu wengi hukimbilia kile cha bei ya juu kabla ya kuelewa kile cha kawaida kinafanya nini. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya urujuanimno yenye mawimbi mafupi, lakini huipitisha ile ya mawimbi marefu. Kioo maalumu, au akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo) yenye kichujio, hukata karibu yote. Hata hivyo hakuna kioo kinachoweza kuzuia mwanga unaoonekana, kwa kuwa bila huo picha yenyewe isingeonekana, na mwanga huo nao hupausha. Kwa hiyo kioo maalumu hupunguza kasi tu. Anayekutundikia picha mbele ya dirisha kwa kutegemea kioo hicho amekudanganya.

Faida ambayo haisemwi sana ni kwamba kioo chochote, hata kile cha kawaida kabisa, hufunga njia ya hewa. Fremu iliyozibwa vizuri kwa utepe wa karatasi wenye gundi upande wa nyuma ni chumba kidogo ambacho hewa yake haibadilikibadiliki. Kwa mtu mwenye tatizo kama la Ndugu Mchapaji, hilo peke yake linaweza kuwa nusu ya tiba.

Mambo mawili ya kuzingatia. Picha isigusane na kioo: iwekewe kadi nene yenye dirisha, isiyo na asidi, ili pawe na nafasi, vinginevyo unyevu utaigandisha picha kwenye kioo na siku ya kuibandua utabandua na uso wa bibi harusi. Jambo la pili ni kwamba isitiwe kwenye fremu siku ile ile ilipochapwa. Wino una viyeyusho vinavyokauka polepole, hasa kwenye karatasi zenye tabaka la plastiki, na nilipokuwa mgeni katika kazi hii mteja alinirudishia fremu tatu zenye ukungu mweupe kwa ndani ya kioo. Siku hizi huilaza picha chini ya karatasi nyeupe ya kawaida kwa saa 24, nikaibadilisha ile karatasi ikiwa imejikunja, ndipo ninaifunga.

Wino Mweusi

Mimi ni mtu wa pigmenti na sitaficha upendeleo wangu. Katika wino wa maji wa kawaida, rangi imeyeyuka kabisa, molekuli moja moja, mithili ya sukari ndani ya chai. Katika wino wa pigmenti, rangi ni chembe ngumu zinazoelea, na kila chembe ni rundo la molekuli nyingi mno. Mwanga na ozoni vinapoishambulia chembe hiyo vinaharibu molekuli za nje, huku zile za ndani zikiendelea kubeba rangi. Wino mweusi wa pigmenti hutengenezwa kwa kaboni, ambayo haipauki kwa urahisi hata kidogo, na ndiyo sababu picha za nyeusi na nyeupe zilizochapwa kwa wino huo ndizo ninazoziamini kuliko zote.

Nisiwafiche kasoro zake. Kwenye karatasi ya kung'aa, pigmenti hukaa juu, kwa hiyo ukiinamisha picha kwenye taa utaona sehemu za giza zikitoa mng'ao wa shaba, na ukucha unaweza kuacha mkwaruzo. Printa zikikaa muda mrefu bila kutumika, matundu ya kichwa cha kuchapia, yanayotoa wino, huziba. Rangi nazo, hasa nyekundu kali, wakati mwingine hazina ule moto wa wino wa kuyeyuka.

Halafu kuna mtego unaowanasa wengi. Printa nyingi za nyumbani zina pigmenti kwenye katriji nyeusi tu, kwa ajili ya maandishi, na rangi nyingine zote ni za kuyeyuka. Ukichagua karatasi ya picha kwenye mipangilio, printa za aina hiyo huiacha ile nyeusi ya pigmenti na kuchanganya rangi nyingine ili kupata weusi. Mtu anaona neno "pigmenti" kwenye boksi, anafurahi, kumbe haijagusa picha yake hata tone. Suti ya bwana harusi iliyogeuka kahawia inanifanya nidhani printa yako ni ya jinsi hiyo.

Na ukisoma miaka iliyoandikwa kwenye pakiti, uliza imepimwaje. Maabara ya Henry Wilhelm, ambayo vipimo vyake vimetumiwa sana na watengenezaji, hukadiria maisha ya picha inayotundikwa kwa kuchukulia mwanga wa lux 450 (lux ni kipimo cha mwangaza) kwa saa 12 kila siku. Ukuta wenye mwanga maradufu ya huo hauwezi kukupa miaka ile ile. Tena pakiti nyingine huandika kwa herufi kubwa miaka ya picha iliyohifadhiwa gizani kwenye albamu, ambayo siku zote ni mingi zaidi, na ile ya ukutani ikaandikwa kwa herufi za sisimizi.

Mchapaji wa Usiku

Ahsanteni sana. Ndugu Wino Mweusi, umenishika: nimeangalia na kweli nyeusi peke yake ndiyo ya pigmenti. Tena nikiri kwamba wino nilioutumia si wa mtengenezaji wa printa. Nilijaza upya kwa chupa. Swali langu sasa ni la karatasi. Nimesikia ipo karatasi inayouficha wino ndani badala ya kuuacha kwenye vitundu. Je, si ndiyo suluhisho rahisi kuliko kubadili printa?

Fundi wa Vichwa

Ipo, ingawa siku hizi si rahisi kuipata kama zamani. Tabaka lake la juu ni la jelatini au polima inayovimba: wino ukidondoka, tabaka linavimba na kuupokea, kisha likikauka linaufumbata kama wadudu waliozama kwenye utomvu. Ozoni haipati mwanya. Kwa wino wa kuyeyuka, karatasi hiyo inaweza kuleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Gharama yake ni subira. Hukauka polepole, kidole chenye jasho huacha alama, tone la maji huharibu, na penye unyevu mwingi rangi huweza kutambaa hadi kingo za vitu zikaonekana kama zimetiwa ukungu. Haifai pia kwa pigmenti, kwa sababu chembe hazizami ndani yake. Ukichagua karatasi hiyo umejifunga kwenye wino wa kuyeyuka, na ukichagua pigmenti umejifunga kwenye karatasi ya vitundu au isiyong'aa. Wino na karatasi hulinganishwa kama jozi.

Kuhusu wino wa chupa: upo mzuri na upo wa hovyo, na kwa macho hutautofautisha siku ya kwanza. Kwa nyaraka sina neno. Kwa picha ya ukutani ningeutilia shaka mpaka unithibitishie.

Mtunza Albamu

Naona vanishi na laminesheni zimesahauliwa, nami nimezitumia zote mbili.

Vanishi ya kupulizia hufanya kazi, hasa dhidi ya hewa na unyevu, na huwasaidia wenye pigmenti kwa kupunguza mikwaruzo. Inatakiwa picha iwe imekauka kabisa, upulizie mahali penye hewa ya kutosha, na utumie matabaka mawili au matatu mepesi badala ya moja zito. Nilipokuwa na haraka nilipiga tabaka moja la kulowesha, na anga la picha likabaki na madoa kama ya mvua. Haiondoki tena.

Laminesheni ya moto siipendekezi kwa picha unayoithamini. Ni kweli kwamba ikifungwa kingo zote hewa haiingii, lakini joto lake ni kali, unyevu uliobaki kwenye karatasi unafungiwa ndani, na hakuna njia ya kurudi nyuma. Kwa kadi za masomo za watoto, sawa.

Nyongeza moja kuhusu albamu: zile zenye kurasa za PVC, ambazo hunuka plastiki ukizifungua, zina kemikali zinazotoka taratibu na kuharibu picha. Tafuta polipropilini au poliesta. Ipo hata kanuni ya kimataifa, ISO 18916, ya kupima iwapo kifungashio kinaidhuru picha.

Kijana wa Maabara

Wakubwa wangu, mbona tunabishana kama ni mwanga au hewa wakati jambo lenyewe linapimika nyumbani? Chapa ukurasa wenye miraba ya sayani, majenta, manjano, nyeusi na kijivu, kisha uukate vipande vinne vinavyofanana. Kimoja kitie kwenye bahasha ndani ya droo. Hicho ndicho shahidi wako. Cha pili kiweke ukutani wazi, cha tatu ukutani nyuma ya kioo cha kawaida. Cha nne kiweke gizani lakini penye hewa inayopita, kwa mfano juu ya kabati, ndani ya boksi lililotobolewa pande mbili. Cha nne kikipauka, kilichokipausha si mwanga. Tazama zaidi ule mraba wa kijivu, kwa kuwa hapo jicho huona mapema rangi moja ikianza kukosekana.

Wino Mweusi

Kijana ameongea. Mimi nitaongeza tu kwamba faili la asili litunzwe sehemu mbili tofauti, maana zipo picha ambazo kuzichapa upya kila baada ya miaka miwili ni nafuu kuliko hizi njia zote tano.

Mchapaji wa Usiku

Ninarudi baada ya miezi mitatu. Vipande vyote vinne viko mbele yangu, juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Kile cha bahasha hakijabadilika. Kile cha ukutani wazi, mraba wa kijivu umekuwa wa waridi na sayani imebaki kama maji ya kufulia. Kile kilichokuwa nyuma ya kioo kimefifia kidogo sana, kiasi kwamba mke wangu hakuona tofauti mpaka nilipomwonyesha. Na kile cha boksi, ambacho hakikuona mwanga siku hata moja, kijivu chake nacho kimeelekea waridi, karibu sawa na cha ukutani.

Kwa hiyo Fundi alikuwa sahihi kuhusu hewa, na Bi. Fremu alikuwa sahihi kuhusu kioo cha kawaida. Nimenunua fremu zenye kadi ya dirisha kwa picha sita za ukutani, nimezichapa upya kwa katriji za mtengenezaji, na sasa zimelala chini ya karatasi nyeupe zikisubiri saa 24 zao. Printa ya pigmenti itangoja hadi hii niliyo nayo ife yenyewe. Ukurasa wa pili wa miraba, wa wino huu mpya, tayari nimeukata vipande vinne na boksi limerudi juu ya kabati.