Kaweka kikombe cha chai juu ya Larry Lurex wangu!!!

Mzee wa Santuri:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mjuaji mnamjua, wa miwani ya jua hadi usiku, anayejiita mtaalamu wa Queen, ile bendi ya Uingereza, tangu aangalie ile filamu yao ya 2018. Leo kaja kibarazani kwangu, kaweka KIKOMBE CHA CHAI juu ya santuri. Chai ya maziwa!

Nilikuwa nimeitoa kwa adabu, kama mkufu wa bibi. Nawaeleza watu: hii ni "I Can Hear Music" ya 1973, jina limeandikwa Larry Lurex lakini anayeimba ni Freddie Mercury wa Queen, mtoto wa hapa Unguja. Wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, nao wamo. Waliirekodi studio ya Trident, London, kipindi kile kile wanahangaika na albamu ya kwanza. Mjuaji akacheka mpaka akapaliwa: "Larry huyo Mmarekani, umeuziwa mbuzi kwenye gunia." Halafu, macho kwenye simu, TUP! kikombe chini. Chini wapi? Juu ya Larry!

Nimefuta na kanga safi, duara halitoki, limekaa kwenye lebo kama mhuri wa sheha. Iliyomwagika imeingia kwenye mistari, sasa Freddie anaimba kwa kwikwi. Na jamaa hakusema hata pole. Kaomba sukari. SUKARI, wakuu!

Kibonge wa Vuga:
Santuri ilikuwa inafanya nini kwenye meza ya chai?

Mzee wa Santuri:
Haikuwa meza! Ilikuwa juu ya kiti!

Dada Pweza:
Kiti 😂😂 Basi shukuru kaweka kikombe, angeweka mwenyewe.

Chumvi Kidogo:
Huyo huyo alinibishia kwamba "Mustapha", wimbo wa Queen wa 1978, ni kaswida. Nilimwachia kijiwe.

Nyangumi Mkavu:
Afadhali kikombe. Mimi mtembeza watalii kanionyesha nyumba aliyozaliwa Freddie, kesho yake mwenziwe kanionyesha nyingine. Zote nimelipia. Mtu kazaliwa mara mbili 1946!

Kibonge wa Vuga:
Kazaliwa hospitali, bwana.

Nyangumi Mkavu:
Sasa hospitali watauzia wapi fulana?

Bwana Kaseti:
Nyie mnalilia Larry. Adimu yenyewe ni "Earth" ya Smile, 1969, bendi ya May na Taylor kabla ya Queen. Ilitoka Marekani tu, na kampuni iliyoitoa inaitwa Mercury, Freddie mwenyewe hajajiita hivyo bado.

Dada Pweza:
Freddie yumo?

Bwana Kaseti:
Hayumo. Kaimba Tim Staffell.

Dada Pweza:
Basi peleka uzi wako huko.

Mzee wa Santuri:
Jamani turudi kwenye kikombe. KILIKUWA KIMEJAA.

Chumvi Kidogo:
Mkuu, hiyo gramafoni sindano unapata wapi? Ya kwangu ipo kwa fundi tangu Ramadhani. Kila nikienda, "njoo Jumatatu."

Nyangumi Mkavu:
Fundi mwenye kipara, mlango wa bluu? Ana feni yangu huyo!

Kibonge wa Vuga:
Na pasi yangu. Juzi nimemkuta shati limenyooka kama karatasi, nikajua tu.

Mzee wa Santuri:
Wakuu, santuri yangu…

Dada Pweza:
Subiri kwanza. Nyangumi, feni ni ya mezani au ya kusimama? Maana kuna moja naiona hapo dukani kwake inauzwa.