Tupeane uzoefu: AC za nyumbani hapa Mwanza zinawasumbua nini, na mlizitengenezaje?

Kijana wa Isamilo

Wakuu, mwangaluka.

Naleta hili kwa sababu limenigharimu, na naona majirani zangu wawili linawagharimu vilevile. Nyumba yetu iko juu Isamilo, kwenye mawe. Anayeishi huku anajua: jua linayapiga yale mawe tangu asubuhi, halafu usiku yanaturudishia joto lote. Baba ana tatizo la moyo na chumba chake kinatazama magharibi. Nikamfungia AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), akaanza kupata usingizi.

Baada ya miezi minne ikawa inapuliza hewa tu, ubaridi hakuna. Fundi akaja, akafunga geji ya kupima presha, akasema gesi imeisha. Akaongeza. Miezi mitatu, imeisha tena. Akaongeza. Mara ya tatu nikamuuliza, hii gesi inakwenda wapi? Akanijibu, "AC inakula gesi, kama gari linavyokula mafuta." Nikalipa, maana usiku uliopita nilimkuta mzee amekaa kitandani saa nane anajipepea na kipande cha boksi.

Nimekuja kujua kwamba jibu lile si kweli. Gesi ya AC haiungui wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba, inachukua joto la chumbani, inakwenda kulitema nje, inarudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Kila mwenye mkasa wake auweke hapa. Ilianzaje, fundi alikuta nini, ikatengenezwaje?

Mama wa Pasiansi

Yangu ilikuwa maji. Matone yanadondoka juu ya kitanda cha watoto, ukutani rangi imeanza kuvimba. Fundi wa kwanza akasema mashine ya ndani imepasuka, ninunue nyingine. Nikasema ngoja kwanza.

Kumbe tatizo nililileta mwenyewe. Mtaa wetu maji ya bomba yanatoka kwa mgawo, kwa hiyo yale yanayotoka kwenye AC nayakinga kwenye dumu nipigie deki. Mpira wa kutolea maji nilikuwa nimeuzamisha mpaka chini ya dumu. Dumu likijaa, ncha ya mpira inazama, hewa haina pa kutokea, maji yanashindwa kushuka, yanarudi chumbani. Fundi wa pili aliona hilo ndani ya dakika tano. Akauinua mpira ukaning'inia juu ya maji, akapuliza ute uliokuwa umeziba njia, akapima kwa pima maji kama mashine imekaa sawa ukutani. Haijadondosha tena. Maji nakinga mpaka leo.

Mkazi wa Igombe

Kwetu ni wale wadudu wa ziwani. Mnawajua, asubuhi wanasimama juu ya maji kama moshi wa tanuri, upepo ukigeuka wanaingia nchi kavu. Usiku wanafuata taa. Mimi taa ya uani niliifunga juu kabisa ya mashine ya nje ya AC, kwa ajili ya usalama.

Msimu wao ulipofika, AC ikawa nzuri asubuhi, lakini ikifika saa sita mchana inazima yenyewe. Ikipumzika inawaka, inazima tena. Nilidhani ni umeme. Fundi alipozunguka nyuma ya mashine akaniita nione: mapezi yote ya rejeta, pale joto linapotemwa, yalikuwa yamefunikwa na tabaka la wadudu waliokufa, limekauka kama udongo. Joto halina pa kutokea, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inachemka, inajizima ili isiungue.

Akazima umeme kwenye breka, akafungua kifuniko, akapiga brashi laini, kisha maji ya mpira kwa nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje. Alinikataza kabisa kutumia mashine ya kuoshea magari, kwa sababu yale mapezi ni bati jembamba, yanalala yote. Taa nimeihamishia upande wa geti. Msimu wa wadudu naosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili.

Mwana Kirumba

Sisi tunaokaa karibu na maji upepo unatutosha jamani. Halafu AC kuongezwa gesi kila mwaka ni kawaida, hata mwalimu wangu wa chuo cha ufundi cha VETA aliniambia.

Kijana wa Isamilo

Kaka, ukikaa chini huko ni sawa. Njoo ulale kwetu usiku mmoja mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza.

Fundi wa Nyakato

Natengeneza friji na AC, niruhusuni nimjibu kaka wa Kirumba kwa heshima. Friji ya nyumbani kwenu imefanya kazi miaka mingapi? Imeongezwa gesi mara ngapi? Friji na AC ni ndugu, mzunguko ni ule ule. Friji ikikaa miaka kumi bila kuongezwa gesi unaona ni kawaida, kwa nini AC iwe kila mwaka?

Tofauti ni kwamba friji inatoka kiwandani imeshachomelewa yote, wakati AC ya kugawanyika, yenye mashine moja ndani na nyingine nje, tunaiunga sisi kwenye nyumba yako. Kuna nati nne, mbili ndani na mbili nje, na mdomo wa bomba la shaba tunaupanua kwa mkono. Ukiupanua vibaya, au ukakaza nati kwa hasira mpaka shaba ikachanika, gesi itatoka polepole. Uvujaji mwingi ninaoukuta uko hapo, na dawa yake ya kuutafuta ni povu la sabuni.

Kazi sahihi inakwenda hivi. Gesi iliyobaki inatolewa. Mwanya unazibwa, iwe ni kukata mdomo wa bomba na kuupanua upya au kuchomelea. Unaingiza nitrojeni kwa presha na kuiacha, geji isishuke. Kisha unafunga pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote, nusu saa au zaidi. Unyevu ukibaki ndani unaharibu mafuta ya kompresa. Ndipo unaingiza gesi kwa mizani. Mashine ya nje ina kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. Za zamani ni R22, hizi nyingine R410A, mpya nyingi R32. Usikubali fundi achanganye. R22 inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, inatakiwa iingie ikiwa kimiminika. Na R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi anayewasha mtungi wa kuchomelea wakati gesi bado imo ndani, mtoe nje ya nyumba yako.

Jambo la pili ni la huku kwetu. Kwenye vilima nyumba nyingi zimebanana na miamba, na watu hufunga mashine ya nje kwenye uchochoro kati ya ukuta na jiwe. Ile mashine inavuta hewa ya moto iliyoitema yenyewe, na jiwe nalo linaongeza. Hapo hata gesi ikiwa kamili, ubaridi utaupata kwa shida na umeme utaliwa. Ihamishe penye upepo.

Dada wa Nyegezi

Yetu iliganda barafu kwenye mashine ya ndani. Mume wangu akachukua kisu cha jikoni ili aibandue. Tukasikia fyuuu, gesi yote ikatoka. Alitoboa bomba. Tungeizima tu na kuacha feni, barafu ingeyeyuka. Chanzo chenyewe kilikuwa chujio, lilijaa vumbi mpaka hewa haipiti. Sasa tunaliosha kwa maji kila mwezi, tunalikausha kivulini, tunalirudisha. Barafu ikirudi na chujio ni safi, ndipo umwite fundi aangalie gesi.

Baba wa Buswelu

Yangu ilikuwa kapasita, kile kifaa kidogo kinachotunza umeme wa kuanzisha mota. Mashine ya nje inanguruma, feni haizunguki. Fundi aliisukuma kwa kijiti ikaanza, akajua papo hapo. Akapima, akaweka yenye namba ile ile. Vijana, msiguse wenyewe, inabaki na umeme hata ukizima breka.

Mkazi wa Igombe

Na mijusi je? Ya shemeji yangu mjusi aliingia kwenye bodi ya umeme ya mashine ya nje, ikaungua yote.

Fundi wa Nyakato

Inatokea sana, wanafuata joto. Matundu ya nyaya yazibwe. Pia fungeni kifaa cha kulinda volteji, kile kinachosubiri dakika kadhaa umeme ukirudi. Bodi nyingi ninazobadilisha zimeuawa na umeme unaorudi kwa kishindo.

Kijana wa Isamilo

Mrejesho. Fundi wa Nyakato alikuja Jumamosi. Alipaka povu kwenye nati ya bomba nene pale nje, kiputo kimoja kikavimba taratibu, kikapasuka, kikafuata kingine. Alinishika bega akasema angalia pesa yako hiyo. Akakata, akapanua upya, akafanya vyote alivyoeleza hapo juu, na gesi akaipima kwa mizani mbele yangu.

Leo ni wiki ya saba. Mzee ananiambia niipunguze, anasikia baridi miguuni.

Mwana Sengerema

Huyo fundi anafika huku?

Fundi wa Nyakato

Nafika mkuu, daraja la Kigongo na Busisi si limeshafunguliwa. Ila osha chujio kwanza, uangalie na mpira wa maji. Ikikataa, nipigie.