Wenye "press" hapa Dodoma, mashine zenu ziko wapi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Yeyote aliyepo Dodoma anayejiandaa kuchapisha mzigo mkubwa wa matangazo asome hapa kabla hajatoa hela.

Sisi ni kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Tunakausha zabibu na kukamua juisi. Nanenane ndiyo nafasi yetu: pale viwanja vya Nzuguni unakutana na wanunuzi ambao mwaka mzima huwapati, na maonesho yanaangukia msimu wa pili wa mavuno, kwa hiyo zabibu mbichi za kuonjesha zipo. Tukakubaliana kuchapa vipeperushi 10,000 vya A5, rangi pande zote mbili, karatasi ya kung'aa ya gramu 150, pamoja na stika za chupa. Asije mtu kuniuliza kwa nini hatukuanza na vichache. Kwenye ofseti, yaani mashine kubwa za kuchapa kwa wino, zinatengenezwa pleti (bati zenye picha ya kuchapwa), moja kwa kila rangi ya wino, na gharama yake ni ileile uchape 500 au 10,000. Vikiwa vingi ndipo bei ya kimoja inaposhuka.

Ofisi yenyewe ipo mjini, kwenye zile barabara za namba. Jina siliweki, maana kwa ninavyosikia wa aina hii wamejaa. Kibao kikubwa nje, "tunachapa kila kitu". Ukutani picha ya mashine ya kuchapa ya Heidelberg imejaa ukuta mzima. Ndani kuna dada mchangamfu wa mapokezi, kompyuta mbili na printa moja ya dijitali. Nikauliza mashine iko wapi. "Ipo huko nyuma boss, ila wateja hawaruhusiwi, mambo ya usalama." Sampuli ikatoka palepale, nzuri kwelikweli, zambarau ya zabibu imekolea. Tukasaini nyuma ya sampuli ile, mimi na wao, tarehe na mhuri. Tukatoa asilimia 70. Risiti ya EFD, ile ya kodi? Eti mashine ya risiti imepelekwa kwa fundi, tutapewa tukimalizia. Mnaona, ofisi ile kila mashine iko safarini.

Baada ya hapo ni danadana tu. Mara umeme, mara fundi wa kukata kafiwa, mara kazi za Bunge zimewabana. Bunge la bajeti linaisha Juni, ndugu zangu, na hapo tulikuwa tunaumaliza Julai! Halafu siku hiyo kijana wao akajisahau kwenye simu: "Usijali boss, mzigo umeshapita Morogoro."

Umepita Morogoro? Si mlisema mashine ipo nyuma ya ofisi? Tangu lini mzigo wa kutoka Dodoma kuja Dodoma ukapitia Morogoro?

Ukafika kweli, maboksi yana karatasi ya basi la kutoka Dar. Nikafungua moja. Zabibu ni za bluu. Siyo zambarau iliyofifia, ni bluu, kama sweta la shule. Nikampigia mwenye ofisi, akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Boss, rangi ya kwenye simu haiwezi kufanana na ya kwenye karatasi." Hilo nalijua! Kioo cha simu kinachanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu; mashine ya kuchapa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na zambarau ndiyo ya kwanza kuumia, majenta ikipungua kidogo tu inageuka bluu. Lakini mimi sikulinganisha na simu. Nimelinganisha na karatasi mliyonipa wenyewe, yenye mhuri wenu! Akakata simu.

Sasa shikeni viti. Nikaanza kupitia bunda moja moja. Pembeni mwa vipeperushi vingi kuna ukanda mwekundu, na kwenye baadhi yake kuna nusu ya neno "kusuka". Kusuka! Sisi tunauza juisi. Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi press akaniambia mara moja: kazi yako imepangwa kwenye shiti moja na tangazo la saluni ili wagawane pleti, halafu waliokata wamekata vibaya. Na mashine ikishapangiwa wino wa kumridhisha mwenye nyekundu, wewe mwenye zambarau unachukua kinachobaki. Kupanga kazi za watu wengi pamoja si dhambi, inapunguza gharama. Ila mimi nililipa bei ya kazi ya peke yake.

Bado. Karatasi mkononi niliiona nyepesi, nikaenda kupima kwenye mizani ya dukani kwa jirani. Gramu 150 maana yake ni uzito wa mita moja ya mraba. A5 ni milimita 148 kwa 210, kwa hiyo kipeperushi kimoja kinapaswa kukaribia gramu 4.7, na vipeperushi 100 kama gramu 466. Nikahesabu 100, nikaweka. Haikufika 360. Nikahesabu 100 vya boksi lingine, hivyohivyo. Hiyo ni karatasi ya gramu 115, wakuu! Kwa vipeperushi 10,000 ni karibu kilo 11 za karatasi tulizolipia na hazipo. Na mnajua upepo wa Dodoma mwezi wa nane: unampa mtu kipeperushi, kabla hajakisoma kimeshafika banda la wafugaji.

Maandishi madogo ya bei na viungo nayo yana ukungu. Faili letu tulilipeleka kwenye flashi, picha zote dpi 300 (ubora wa kuchapishwa), limekamilika. Kumbe wao walituma Dar kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikabanwa huko njiani. Hili kijana wao kalisema mwenyewe, tena bila aibu.

Sina ugomvi na udalali. Mtu akiniambia "mimi ni wakala, nina press Dar, kamisheni yangu ni hii", tunakaa tunaongea, na pengine nitamlipa kwa roho nyeupe kwa sababu kaniokolea nauli. Kinachoniudhi ni kudanganywa kwamba una mashine, maana kazi ikiharibika hakuna wa kumkamata. Wa Dodoma anasema press ndiyo imeharibu. Press inasema haimjui mteja wa Dodoma, ililetewa faili ikachapa. Unabaki na maboksi yako sebuleni. Na haya yanatokea kwenye makao makuu ya nchi, wizara zipo Mji wa Serikali, Mtumba, kazi za kuchapa zimejaa mji mzima, halafu tunauziwa picha ya Heidelberg.

Sasa hivi ndio wao wanaonidai mimi, wanataka asilimia 30 iliyobaki! Wametuma meseji ya vitisho, eti watanipeleka polisi. Nikawajibu twendeni, ila mje na risiti ya EFD ya ile 70. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa sampuli, mzigo wote ulingane na sampuli. Sampuli ninayo, imesainiwa, ipo kwenye bahasha pamoja na vipeperushi vyenye "kusuka". Wameniahidi punguzo kwenye kazi ijayo. Kazi ijayo ipi?

Ninachotaka ni wachape upya kwa karatasi ya gramu 150, au warudishe hela. Barua ya madai wameshapokea na nakala wamenigongea mhuri, na wakiendelea kukaa kimya malalamiko yanakwenda Tume ya Ushindani.

Stika za chupa hazijachapwa bado, na huko sirudi. Mwenye kuijua press hapa Dodoma yenye ofseti yake yenyewe, ambayo mteja anaingia, anaiona inazunguka na anasaini shiti ya kwanza ikitoka kwenye mashine, aweke hapa chini. Wale wa "nina mtu wangu Kariakoo" naomba mpite kimya kimya.