Mkono wa kushoto, mtindio wa ubongo, mazoezi gani?

mama_mbagala: Habari wadau, binti yangu ana miaka 4, mtindio wa ubongo umemshika upande wa kushoto, mkono kakunja ngumi muda wote, kila kitu anashika kwa wa kulia. Kuunyoosha nyoosha tu kunatosha?

fizio_dar: Pole dada. Kunyoosha peke yake hakumfundishi kuutumia. Kuna njia ya kuuvalisha glavu mkono wa kulia, ule usio na shida, kwa muda ili huu wa kushoto ulazimike kushika, masaa mengi kwa wiki kadhaa huku anacheza. Usianze bila mtaalamu.

baba_pacha: Dogo wetu glavu aligoma, kilio mpaka majirani wanauliza. Tukapewa mazoezi ya mikono miwili, kufungua kopo, kumenya ndizi, hiyo anaipenda balaa

fizio_dar: Masaa ya mazoezi yakiwa sawa, njia zote mbili zinasaidia karibu sawa, kwa hiyo chukua asiyoigomea. Cheki hospitali ya CCBRT, Msasani.