Waliowahi kufika Guangzhou tupeane uzoefu, dogo anapaa keshokutwa

Mkazi wa Tandika
Wakuu habari za usiku. Leo nimemsaidia mdogo wangu kufunga begi, keshokutwa anapaa kwenda Guangzhou, China, hajawahi kuvuka hata Namanga. Anawahi yale maonesho makubwa ya biashara ya Canton pale Pazhou yanayoanza tarehe 15 mwezi huu wa 10, halafu azunguke masoko siku mbili tatu ndio arudi. Nilivyomwona anakunja dola anaziweka kwenye soksi nikakumbuka safari yangu ya 2016. Nilitua uwanja wa ndege wa Baiyun saa kumi na moja alfajiri, nafungua simu nimtafute mwenyeji wangu, WhatsApp kimya, Google kimya, ramani kimya. Nilikaa uwanjani masaa matatu nimeshika karatasi ya jina la hoteli kwa herufi zetu hizi, nampelekea dereva huyu, nampelekea yule, wote wanaiangalia wananirudishia. Mwenye lake amwage hapa, dogo yuko pembeni yangu anasoma.

Mama Mikoba
Kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina ndio roho yako kule. Moja kwenye simu, moja ya karatasi kwenye pochi, maana simu huzima.

Abuu wa Kisauni
VPN, ile programu ya kufungulia WhatsApp na Google maana kule zimefungwa, aipakue akiwa bado nyumbani, ukishafika ndio hata pa kuipakulia hupapati. Alipay pia, ile app yao ya kulipia kwa simu, aiunganishe na kadi yake ya benki kabla hajaondoka. Ukilipa chini ya yuan 200 hawakukati kitu, ukipita hapo ni asilimia 3. Na WeChat lazima, ndiyo wanachatia na kulipia, kule hata muuza mahindi ya kuchemsha anakunyooshea karatasi ya QR uskani kwa simu umlipe.

Mzee wa Keshi
Mnamtisha kijana bure. Nimeenda mara sita na keshi yangu mkononi, hakuna aliyeikataa.

Abuu wa Kisauni
Mara ya mwisho ulienda lini mzee wangu?

Mzee wa Keshi
2014.

Mama Mikoba
Basi baba yangu mji umehama. Keshi wanapokea ila chenji hawana, utaacha mia kwa supu ya yuan 18. Na keshi yenyewe usibadilishe kwa wale wanaosimama njiani mtaa wa Xiaobei wanakuita "my friend", mume wangu alipewa noti tatu feki katikati ya bunda. Nenda benki na pasipoti yako, foleni ndefu lakini unalala usingizi.

Boy Eastleigh
Wacha niseme ya mzigo maana hapo ndipo watu huumia. Mimi niliagiza raba za akina dada, saizi 36 mpaka 41 zimechanganywa kwa kila katoni, sampo nikaiona, safi kabisa, nikalipa asilimia 30 nikarudi Nairobi, salio nikatuma bila mtu wangu kuenda kukagua. Mzigo kufungua ni 35, 36 na 37 tupu. Nani Nairobi atavaa 35 zote hizo? Niliziuza bei ya hasara miezi minane. Sasa dogo, sampo chukua mbili, mtie sahihi zote na muuzaji, moja ibaki kwake moja uende nayo. Siku ya kukagua usifungue katoni za juu wanazokusogezea, chomoa za katikati. Na bei andikishaneni, ile ya kwenye kalkuleta ikishafutwa hakuna ushahidi.

Mpole
Nakazia hapo pa katoni za katikati.

Ustadh Tanga
Ijumaa asikose msikiti wa Saad bin Abi Waqqas, karibu na bustani ya Yuexiu. Utakutana na Msomali, Mnigeria, Mpakistani, Mchina, safu moja. Nje wanachoma mishikaki ya kondoo, na ukitaka tambi za halali tafuta mabango ya Lanzhou. Pale ndipo alipozikwa sahaba mwenyewe.

Abuu wa Kisauni
Ustadh hapo sikubaliani, Saad amezikwa Madina, makaburi ya Baqii. Hilo la Guangzhou ni masimulizi ya wenyeji.

Ustadh Tanga
Wenyeji wamelizuru kaburi lile karne na karne, leo uwasahihishe wewe uliyeenda kununua taa za pikipiki?

Nuru wa Ilala
Samahanini naingilia. Nilikuwa sitaki kuandika ila hilo neno "mwenyeji wangu" la mleta mada limenikumbusha mbali. 2019, safari yangu ya tatu, nilitaka kubana hela ya hoteli nikafikia kwa dada mmoja wa nyumbani aliyekuwa anaishi maeneo ya Sanyuanli, anasuka nywele chumbani kwake. Alinipokea kama tumezaliwa tumbo moja, akanipa kitanda yeye akalala chini. Sikujua, na hakuna aliyeniambia, kwamba ukifikia nyumba ya mtu inatakiwa ndani ya masaa 24 mkajiandikishe polisi, hoteli huwa inakuandikisha yenyewe ndio maana hatusikii. Usiku wa nne saa nane mlango ukagongwa. Dada akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini usifungue. Wakagonga tena, wakagonga tena, mimi nilishaanza kutetemeka, nikaona tusipofungua itakuwa kubwa zaidi, nikafungua. Walikuwa wanne, wala hawakutupiga wala kututukana, wanaongea kupitia simu inayotafsiri, "pasipoti, pasipoti". Yangu viza ilikuwa nzima, nikapigwa faini na onyo kwa kutojiandikisha, asubuhi nikaachiwa. Ya dada ilikuwa imekwisha miezi minane. Kule kuzidisha siku ni yuan 500 kwa siku mpaka ifike 10,000, au unawekwa ndani siku tano mpaka 15, halafu unarudishwa kwenu. Mara ya mwisho namwona alikuwa kwenye benchi la pale kituoni amevaa kanga juu ya jaketi, akanipa ishara ya mkono kwamba niondoke.

Mpole
Dah.

Kontena 40
Pole, lakini dada alikwambia usifungue.

Mama Mikoba
We Kontena una mama kweli? Usiku wa manane, polisi wanne mlangoni, ungefanya nini wewe?

Kontena 40
Nimesema tu alichoambiwa.

Boy Eastleigh
Wangeingia tu hata asingefungua. Nuru usijibebeshe hiyo. Dogo wewe lala hoteli, na pasipoti tembea nayo, usiache chumbani, sheria yao inataka uwe nayo.

Abuu wa Kisauni
Halafu dogo anafuata bidhaa gani?

Mkazi wa Tandika
Mikoba ya akina mama na viatu.

Abuu wa Kisauni
Basi tarehe mmekosea! Awamu ya kwanza tarehe 15 mpaka 19 ni umeme na mashine, ya pili 23 mpaka 27 vyombo na mapambo ya nyumba. Mikoba na viatu ni awamu ya tatu, tarehe 31 mpaka 4 mwezi wa 11.

Mama Mikoba
Tiketi kama haisogezeki aende tu, soko la ngozi la Baiyun pale Sanyuanli lipo mwaka mzima na ndiko sisi wa mtaji mdogo tunakochukulia. Maonesho wanataka uagize idadi kubwa.

Kontena 40
Nuru, dada alirudi salama?

Nuru wa Ilala
Alirudi baada ya wiki tatu. Begi lake nililibeba mimi, nililipia kilo za ziada, nikampelekea mama yake Buguruni. Tunaongea mpaka leo, hajawahi kunitajia ule mlango.

Mama Mikoba
Mleta mada, hiyo hoteli mmeuliza kama inapokea wageni wa nje?

Mkazi wa Tandika
Tumeiandikia sasa hivi, wamesema wanapokea. Kadi ya Kichina wametuma, asubuhi nampeleka akaiprinti mbili. Tiketi kusogeza ni dola 120, tunajadiliana.